Mbio Ambazo Mzee Swai Hakuziona

Siku yangu ya kwanza kazini Toronto niliripoti nikiwa nimevaa bukta. Kule Same nilikotoka, mwalimu wa michezo alijulikana kwa bukta na filimbi, na sikuona kwa nini baridi ibadilishe utaratibu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa pili, na theluji ilikuwa imefika magotini. Mkuu wa Idara ya Michezo, Mkanada mrefu aliyekuwa anakaribia kustaafu, alinitazama kutoka chini hadi juu, akafungua kabati lake, akanirushia suruali ya mazoezi.

"Mwalimu Mshana," akasema, "hapa ushujaa tunauanza mwezi wa tano."

Nilianza kama mwalimu wa akiba, yaani yule anayepigiwa simu asubuhi aende kushika vipindi vya mwenzake aliyeugua. Mwalimu wa akiba hana darasa wala kabati, na wanafunzi hulijua hilo kabla hajaandika jina lake ubaoni. Nilizungushwa shule nyingi za mji huu kwa namna hiyo, hadi Mkuu wa Idara aliponiombea nibaki kwake, kwenye sekondari moja jirani na maghorofa ya Kingsview Village. Shule ile ilikuwa chini ya njia ya ndege zinazotua Pearson, uwanja wa ndege wa mji. Ukitaka kupuliza filimbi, ulingoja kwanza ndege ipite.

Wanafunzi wetu walitoka kila pembe ya dunia: Wasomali, Waghana, watu wa Karibi, Wakenya, na Watanzania wachache. Hawa wa kwetu niliwagombeza kwa Kiswahili nao wakanijibu kwa Kiingereza, na tulielewana vizuri tu. Mkuu wa Idara alinipa timu ya riadha, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, kwa kuwa uwanja ulilala chini ya theluji sehemu kubwa ya mwaka. Tulifanya mazoezi kwenye korido baada ya masomo. Tuliegemeza magodoro ya mazoezi ya viungo kwenye kuta za mwisho, mtu asije akajigonga, kisha tukakimbia kwenda na kurudi mbele ya milango ya maabara. Mhudumu wa usafi alituchukia, na alikuwa na haki.

Somo langu kubwa lilikuwa mita mia nane, ambayo ni mizunguko miwili ya uwanja. Watu huidharau mbio hii. Ni ndefu mno kwa mtu kukimbia kwa nguvu zake zote, tena ni fupi mno kupumzika katikati, kwa hiyo siri yake yote ni kugawa pumzi. Mkimbiaji mchanga hutoka kwa kasi aongoze mzunguko wa kwanza, watu wampigie makofi, halafu ikilia kengele ya mzunguko wa mwisho miguu inamgeuka kuwa magogo. Kocha hufanya kazi mwaka mzima kumfundisha mtoto kukubali kuwa nyuma kwa muda, na hiyo si kazi nyepesi, kwa sababu hakuna mtoto anayependa kuwa nyuma.

Neema Swai hakuhitaji kufundishwa hilo. Alikuja kwangu akiwa darasa la tisa, mwembamba, mkimya, mama yake ameshafariki, analelewa na baba. Katika mbio alikaa nyuma ya bega la anayeongoza kama mtu aliyekuja kusindikiza tu. Kwenye kona ya mwisho alitoka pembeni akapita. Sijapata kuona mtoto mwenye subira kama ile, na kwa miaka minne sikumpata mwingine wa kumfananisha naye.

Baba yake, Mzee Swai, alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika huko Moshi, na Toronto akawa dereva wa teksi ya uwanja wa ndege. Tulifahamiana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili. Siku ya kwanza aliposikia kwamba mimi ni Mpare, alikagua mifuko yake mbele ya waumini wote kuona kama kuna kilichopungua.

Hapa inabidi nieleze, kwa maana vijana wa huku hawajui utani ni kitu gani. Wachagga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukusema apendavyo, nawe huruhusiwi kununa. Anaweza hata kutwaa kitu chako na asiitwe mwizi, nawe utakikomboa kwa maneno au kwa kitoweo, tena mbele ya watu. Mzee Swai alikuwa akitangaza kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Nami nilimjibu kwamba Mchagga akifa usiite daktari, angusha sarafu karibu na sikio lake, asipoinuka ndipo uchimbe kaburi. Tuliishi hivyo kwa raha, Jumapili hata Jumapili.

Hakuwahi kuja kumtazama Neema akikimbia. Mashindano yalikuwa mwishoni mwa wiki, na mwishoni mwa wiki ndipo walipopatikana abiria. Isitoshe, kwake mbio zilikuwa mchezo, na mchezo ulikuwa kitu ambacho mtoto huacha akikua. Alitaka Neema asomee ufamasia hapa hapa mjini. Chuo kimoja cha Marekani kilipotaka kumsomesha bure kwa sababu ya miguu yake, Mzee Swai alikataa. Neema alikuja kuniuliza, nikamwambia aende. Akaenda.

Mwaka wa pili goti liliharibika. Alifanyiwa upasuaji, hakupona vizuri, chuo kikapunguza msaada, akarudi bila shahada. Baba yake alimwambia maneno ambayo sitayaandika. Neema akahamia St. James Town, kule katikati ya mji, na hawakusemezana tena. Na mimi nikabaki naye Mzee Swai kanisani, ila sasa alinisalimia, "Habari za asubuhi, Mwalimu." Ndipo nilipojua amekasirika kweli. Mtani akianza kukuita kwa cheo, jua ameshakutoa moyoni.

Miaka ikapita. Mkuu wa Idara alistaafu, nikashika nafasi yake. Ilipoanza miaka ya elfu mbili na kumi, shule ilipata Mkuu mpya, mwanamke mchapakazi asiyependa vumbi, naye aliondoa kabati la zamani la vikombe lililokuwa mlangoni mwa ukumbi wa michezo. Vikombe vingi havikuwa na jina la mtu, ni mwaka na mchezo tu.

"Vikombe havinisaidii," aliniambia. "Nataka watoto hawa waone nyuso za watu waliokaa kwenye madawati yao."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Ukuta wa Heshima, wa kuwaenzi wanafunzi wa zamani waliotia fora michezoni. Iliundwa kamati, na mwenyekiti wake akawa Bwana Amirali, Muismaili mzaliwa wa Tanga aliyeishi Unionville na kumiliki duka la kutengeneza fremu. Watoto wake walisoma kwetu zamani. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na alipenda kunikumbusha jambo hilo.

Kazi ya kamati ilikuwa na taratibu zake. Kwanza kuna uteuzi: mtu yeyote anaweza kupendekeza jina, kamati inapima mafanikio ya michezo pamoja na tabia. Kisha kuna wasifu, maelezo mafupi yanayosomwa siku ya sherehe na kuchongwa chini ya picha. Nimeandika wasifu nyingi, na ushauri wangu ni mmoja: punguza sifa, ongeza vitendo. Usiandike kwamba fulani alikuwa shujaa. Andika alichofanya, watu wenyewe watajua wamwite nani. Mwisho kuna kufunua. Picha huletwa jukwaani ikiwa imefunikwa kitambaa, na anayekiondoa ni mtu wa familia ya mwenye picha. Bwana Amirali ndiye aliyeleta desturi hiyo, akaishikilia kwa ukali. "Mtu hajilei," alisema. "Aliyemlea ndiye amfunue." Asipokuja mtu wa familia, picha ilingoja mwaka mwingine.

Nilimpendekeza Neema mwaka wa pili wa ukuta huo. Wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha michezo cha St. James Town, akiwafundisha kukimbia wasichana waliohamia nchini karibuni, wengine hawajawahi kuvaa raba. Kamati ilimkubali bila ubishi. Nikampigia simu.

"Thank you, Kocha," akasema. "But no. Sitakuja."

"Kwa nini?"

"Nani atafunua? You know he won't come."

Nilimweleza Bwana Amirali, naye alilegea kwa mara ya kwanza, akasema mke wake angeweza kusimama badala ya familia. Nikampigia Neema tena kumpa habari hiyo.

"Kocha, mama alishatangulia, lakini mimi si yatima," akasema. "Nina baba. Kama haji, basi. Leave it."

Alinena kwa upole, lakini niliumia, na nilimkasirikia Mzee Swai kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nikaamua kwenda kwake.

Aliishi ghorofa ya juu katika moja ya yale majengo ya Kingsview Village, jirani na shule. Nilipiga hodi, akanikaribisha, tukavua viatu mlangoni kama ilivyo ada, akaniandalia chai ya tangawizi. Nikamweleza habari ya ukuta, picha na kitambaa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "picha ya joho sijaiona. Leo niende nikafunue picha ya miguu?"

"Ni picha ya mwanao."

"Mwanangu ulimpeleka Marekani mzima, akarudi na goti bovu na mkono mtupu. Umesahau?"

"Sijasahau. Nilimwambia aende, na angeniuliza leo ningemwambia vilevile."

Alikiondoa kikombe changu mezani kabla sijamaliza chai. Hiyo kwetu ni lugha inayoeleweka. Nikainuka, akanisindikiza mpaka mlangoni, nikavaa viatu vyangu. Hapo kando vilikuwa viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa. Sikuwa nimepanga lolote. Niliinama nikaokota kimoja, cha kulia, nikakiweka kwapani.

"Mwalimu, hicho ni changu."

"Najua, cha kwangu hakijawahi kung'aa hivi. Ila Mwalimu ameshaondoka. Aliyebaki hapa ni Mpare, na Mpare ametwaa kiatu cha Mchagga. Kitakombolewa ukumbini, siku ya sherehe, mbele ya watu."

Angesema "rudisha" kwa sauti ya kawaida, utani wetu ungekuwa umekufa, na mimi ningekuwa mwizi wa kiatu katika jengo lenye kamera kila kona. Mzee Swai alikitazama kiatu, akanitazama mimi. Niliona jinsi alivyokuwa akishindana na uso wake mwenyewe.

"Kimoja tu?" akasema hatimaye. "Wapare mmefilisika kiasi hicho?"

"Viwili ningekuwa mwizi. Kimoja ni kielelezo cha mahakamani."

Hakucheka. Alifunga mlango, lakini aliufunga polepole. Nilimpigia simu Neema nikamwambia aje, nikamweleza na sababu. Akauliza kama viatu vya baba yake bado ni vile vyeusi.

Sherehe ilifanyika mwezi wa tano, theluji imekwisha na miti imechipua. Mzee Swai aliingia ukumbini amevaa suti ya kijivu, tai nyekundu na buti za theluji. Kila alipokanyaga, sakafu iliitika. Alipita mbele ya Mkuu wa Shule, mbele ya waheshimiwa na wazazi, akaketi kiti cha mbele bila kutazama kushoto wala kulia. Neema alikuwa ameketi upande wa pili wa njia. Niliona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nilisoma wasifu wake. Niliandika kwamba alikuwa na subira, nikaeleza mbio zake kadhaa, nikaeleza wasichana wa St. James Town. Kisha Bwana Amirali akamwita Mzee Swai jukwaani kufunua picha. Alipanda na buti zake, na badala ya kwenda kwenye kitambaa alikwenda kwenye kipaza sauti. Jambo hilo halikuwamo katika ratiba. Bwana Amirali aliinuka kumzuia, nikamshika mkono.

"Neema," Mzee Swai akasema. "Njoo uwatafsirie."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa binti yake tangu walipoachana. Neema alipanda akasimama karibu naye.

Mzee Swai akanielekeza kidole mbele ya ukumbi mzima. Akasema mnamwona huyu, ni Mpare, na nyumbani kwangu alikunywa chai yangu kisha akaniibia kiatu. Akasema babu yake aliiba mbuzi wa babu yangu, baba yake akaiba kuku, yeye ameshuka hadi viatu, mjukuu wake ataiba kamba za viatu. Neema alitafsiri neno kwa neno. Wazungu walitazamana kwanza, wasijue kama waite ulinzi, lakini Wakaribi walianza kucheka, na baada yao ukumbi wote. Nilisimama nikainua kiatu juu watu wakione. Makofi yakapigwa.

"Waambie nimekuja kukomboa kiatu changu," Mzee Swai akasema, na Neema akawaambia.

Kisha sauti yake ikashuka. Hakumtazama binti yake, aliendelea kuwatazama watu.

"Waambie huyu mtoto alikimbia miaka minne katika shule hii. Waambie mimi baba yake sikumwona akikimbia hata siku moja. Nilisema ni mchezo. Waambie Mpare amesoma hapa habari zake, mambo ambayo mimi nilitakiwa kuyajua kabla yake. Waambie ni hasara yangu, na hasara hiyo sina wa kumshtaki."

Ukumbi ulingoja tafsiri. Neema alikuwa ameshika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikohoa kidogo.

"My father says thank you for coming," akasema.

Watu wakapiga makofi. Mkuu wa Shule aliinama akamuuliza Bwana Amirali mbona maneno yalikuwa mengi na tafsiri fupi. Bwana Amirali alivua miwani akaifuta kwa tai yake. "Alikuwa bado anawasema Wapare, Mama," akajibu. Mzee Swai akakiondoa kitambaa, akaitazama ile picha kwa muda mrefu hata ratiba ikachelewa, na hakuna aliyemhimiza. Aliposhuka, Neema alimshika mkono, kwa kuwa buti zile hazikufaa ngazi.

Niliendelea kazini miaka michache zaidi, picha zikaongezeka ukutani, kisha nikastaafu. Walimu vijana walionirithi huniuliza ukuta ule una faida gani, wakati fedha za fremu zingenunua mipira. Huwajibu kwamba mpira hupasuka. Huwaambia pia wasiandike wasifu kwa kutegemea kompyuta, wakae na watu wawasikilize, na wasimruhusu mtu yeyote aje na hotuba yake bila kuwa na mtafsiri mwenye busara. La mwisho hudhani ninatania.

Sasa Mzee Swai huja kwangu kila Jumamosi. Teksi ameiacha. Neema humleta akienda kwenye mazoezi ya wasichana wake, humchukua akirudi. Mzee huketi, hunywa chai, hutukana ubahili wa sukari yangu, kisha husema, "Haya." Maana yake ni kwamba nimsimulie mbio moja. Nami humsimulia: nani alikuwa njia ya ngapi, upepo ulivuma kutoka wapi, Neema alikaa nyuma ya bega la nani, alitoka lini. Kocha haisahau mbio ya mtoto aliyemfundisha. Nyingine ameshazisikia mara nyingi, na nikiruka kitu hunirudisha kwenye mstari wa kuanzia.

Jumamosi iliyopita nilianza ile ya fainali ya mji, akaninyamazisha kwa mkono.

"Hiyo naijua. Kwani mwanangu hakuwahi kushindwa?"

"Aliwahi."

"Mbona hujanipa hata moja?"

"Nilidhani huzitaki."

Aliweka kikombe chini. "Alizoshinda alikuwa na watu wengi, Mpare. Nipe zile nilizotakiwa niwepo."

Basi nikamsimulia ile ya mvua, mwaka wake wa kwanza. Nikamweleza jinsi alivyokanyagwa kisigino kwenye kona ya mwisho akaanguka, jinsi alivyoinuka na goti linatoka damu, wenzake wameshamaliza, akakimbia peke yake hadi mwisho kwa mwendo uleule, na jinsi alivyokaa kwenye nyasi akitetemeka, asitake kusemeshwa. Mzee Swai alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nani alimpa koti?" akauliza.

"Mimi."

Alifumbua macho.

"Ahsante, mtani," akasema.